Li Moja Haitoshi: Juu ya Kujifunza na Kufasiri Wakati Uliopita wa Kiingereza

Mwanafunzi wa visiwani anapofikishwa kwenye wakati uliopita wa Kiingereza, ule ambao walimu wetu huuita 'simple past', aghalabu hupewa vitu viwili. Cha kwanza ni jedwali la safu tatu, 'go, went, gone', ambalo hutakiwa alihifadhi kwa moyo. Cha pili ni kauli fupi ambayo hudhaniwa haina la kujadiliwa: kwamba umbo hilo la Kiingereza ndilo -li- ya Kiswahili. 'He cooked' ni 'alipika', 'she went' ni 'alikwenda', na mjadala hufungwa hapo. Jedwali lina faida zake na sina ugomvi nalo mkubwa. Kauli ya pili ndiyo ninayokusudia kuihakiki katika makala haya, kwani kwa maoni yangu ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewadhuru watu watatu kwa pamoja: mwanafunzi anayejifunza Kiingereza, mfasiri anayekileta Kiingereza katika Kiswahili, na msomaji wa Kiswahili ambaye katika biashara hiyo hakuagiza kitu.

Lawama si ya wanasarufi wa mwanzo. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer na mwaka 1874 akawa yeye mwenyewe askofu, alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na humo aliziweka -li-, -me- na -ka- kila moja mahali pake. Bibi E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alieleza kwa urefu kwamba -me- huonyesha kutimia kwa tendo pamoja na hali inayobaki baada ya tendo hilo, na kwamba -ka- huyafuatanisha matendo. Elimu basi ilikuwapo. Ilipokuwa ikishuka kutoka katika vitabu hivyo hadi kwenye daftari la mwanafunzi, ikapunguzwa njiani. Mimi sikukaa darasani kusomeshwa isimu. Kiingereza nimekipata kwa vitabu na kwa kazi ya kufasiri. Lakini kazi hiyo ina ukali wake wa kufundisha, kwa sababu mfasiri hawezi kuliruka neno. Kila kitenzi cha wakati uliopita kinachomjia humuuliza: leo utanivisha nguo gani?

Tuanze na sikio, kwani lugha huanzia huko. Katika Kiswahili cha leo alama ya wakati hukaa mbele, mara tu baada ya kiambishi cha mtendaji. Anayesikia 'ali-' ameshajua kuwa jambo limepita kabla hajajua ni jambo gani. Kiingereza hufanya kinyume chake: humtaja mtendaji, kikalitaja tendo, na wakati kikausema mwisho kabisa, tena kwa sauti ndogo ambayo mara nyingi haina hata irabu. Na sauti yenyewe si moja. Herufi hizo -ed husomwa t katika 'walked', husomwa d katika 'called', na hupata irabu yake katika 'wanted' na wenziwe ambao mzizi wao unaishia kwa t au d. Mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye maneno yake karibu yote huishia kwa irabu, huisikia konsonanti hiyo kwa shida, na anapoitamka ama huiangusha ama huipa irabu ya kuiegemeza. Mtu akisema 'walked to town' kwa kasi ya kawaida, t ya wakati humezwa na t inayoifuata, na hata mwenyeji wa lugha huujua wakati kwa muktadha zaidi kuliko kwa sikio. Viko pia vitenzi kama 'put', 'cut', 'hit' na 'shut' ambavyo havibadiliki kabisa. Anayemwambia mwanafunzi asikilize vizuri, bila ya kumweleza asikilize wapi, amempa kazi isiyofanyika.

Wapenzi wa ushairi wana njia ya kulizoea jambo hili. Katika tungo kongwe za Kiamu, wakati uliotimia huonyeshwa mwishoni mwa kitenzi, na pengine kwa kubadilika irabu za neno lenyewe: 'simama' huwa 'simeme'. Anayekutana na neno hilo katika utenzi haoni kuwa limevunja sheria; huona kuwa ni la kale na lina heshima yake. 'Stand' kuwa 'stood' na 'sing' kuwa 'sang' ni mambo ya namna hiyo hiyo. Vitenzi hivi ambavyo jedwali linavifanya vionekane kuwa vya ukorofi ni mabaki ya Kiingereza cha kale, na ndivyo vinavyotumika zaidi kuliko vyote: 'be', 'have', 'do', 'say', 'go', 'make', 'take', 'come', 'see'. Havikusalimika kwa bahati. Mtoto wa Kiingereza huyasikia maumbo yake kila siku kabla hajaijua kanuni yoyote, na njia inayopitwa kila siku haioti majani. Kitenzi kisichotajwa mara kwa mara ndicho kinachoburutwa kwenye kanuni. 'Help' zamani kilikuwa na umbo la 'holp', kisha kikawa 'helped' kama vitenzi vingine. 'Went' nalo asili yake si 'go' asilani. Lilikuwa la kitenzi kingine, 'wend', na 'go' ilipopoteza umbo lake la kale ikaliazima kwa jirani, na mpaka leo haijalirudisha. Mwalimu akimsimulia mwanafunzi visa vya maneno haya, jedwali litahifadhika lenyewe.

Tutoke kwenye umbo twende kwenye matumizi, kwani huko ndiko makosa yanakohesabiwa. Kosa la mwanzo ambalo wino mwekundu hulipiga mstari ni 'I did not went', au 'she did not cooked'. Mwanafunzi huambiwa kuwa baada ya 'did' kitenzi hurudi kwenye mzizi wake. Akiuliza kwa nini, huambiwa ndiyo sheria. Jawabu lakini liko kinywani mwake mwenyewe tangu alipoanza kusema. Kanusha 'alipika': unapata 'hakupika'. Ile -li- imekwenda wapi? Hakuna anayesema 'hakulipika'. Katika ukanushi -li- huondoka na -ku- hushika zamu yake, kwa sababu wakati hutajwa mara moja tu ndani ya kauli, na ukishatajwa umetajwa. Kiingereza kimefuata hesabu hiyo hiyo. 'Did' ikishausema wakati, 'cook' haina haja ya kuurudia. Mtoto aliyeonyeshwa kwamba 'did not cooked' inachekesha kama 'hakulipika' inavyochekesha hataisahau, kwani atakuwa ameicheka kwa lugha yake.

Hapa mlinganisho una mpaka wake, na ni uaminifu kuutaja. Katika kuuliza, Kiswahili hakibadilishi kitu: 'Alipika?' au 'Je, alipika?' inatosha, ilhali Kiingereza huiita tena 'did' isimame mbele. Hilo halina mwenzake kwetu na lazima lipokewe kama lilivyo. Inafaa tu mwanafunzi ajue kuwa hata kwa Waingereza wenyewe halikuwa hivi tangu hapo. Katika tamthilia za Shakespeare namna zote mbili zimo, ya kuuliza kwa 'did' na ya kuuliza bila ya hiyo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na kulinganisha umbo hili na -li- hakulitibu bali hulizidisha. Ni lile la 'I have come yesterday'. Mwanafunzi anayeandika hivyo hakukosa akili. Amefasiri 'nimekuja jana', na hicho ni Kiswahili safi ambacho kila mmoja wetu hukisema. Kwetu -me- hukubali kukaa na 'jana', na 'juzi', na 'mwaka jana', madhali jambo lenyewe bado lina athari yake kwa wanaozungumza. Kiingereza hakikubali. Ukishataja siku iliyokwisha au mwaka uliokwisha, 'has' na 'have' hutolewa nje, na 'came' peke yake hubaki. Sasa mwanafunzi aliyefundishwa kwamba 'came' ni -li- atafanya nini, na sentensi aliyo nayo kichwani ina -me-? Ataandika 'have come', na atapoteza alama kwa kuwa mwaminifu kwa alichofundishwa.

Dawa ninayoipendekeza ni kumwambia aikanushe sentensi yake kwa Kiswahili kabla ya kuifasiri. Katika kukubali, -me- yetu imebeba mizigo miwili. Katika kukana, mizigo hiyo hutengana. Tuna 'hajaja' na tuna 'hakuja'. Mtoto aliyekwisha kusema vyema hachanganyi 'hajala' na 'hakula': wa kwanza bado anatarajiwa kula, wa pili chakula kimempita. Basi 'amekuja', kwa maana ya kwamba yupo hapa sasa, ukanushi wake ni 'hajaja', na Kiingereza chake ni 'he has come'. 'Amekuja jana' ukanushi wake ni 'hakuja jana', wala hakuna anayesema 'hajaja jana'. Kiingereza chake ni 'he came yesterday'. Penye -ja-, tumia 'has' au 'have'. Penye -ku-, tumia wakati uliopita sahili. Kipimo hiki hakihitaji kitabu, na kila mwanafunzi wa Unguja na Pemba anacho.

Kipimo hicho kina ubaguzi mmoja unaofaa kutangazwa mapema, nao ni wa vitenzi vya hali. 'Amevaa', 'amelala', 'amesimama', 'amechoka', 'amekasirika': hapa -me- haisimulii tendo lililopita bali inaeleza hali iliyopo mbele ya macho, na ukanushi wake huwa ni 'hakuvaa', 'hakulala', ijapokuwa hakuna kilichopita. Kiingereza katika hali hizi hakitumii 'has' wala wakati uliopita. Husema 'is wearing', 'is asleep', 'is tired'. Mwanafunzi aanze kwa kuuliza: ninasema tukio au ninasema hali? Akishalitenga hilo, kipimo cha ukanushi kitamfaa.

Pengine msomaji ataona kuwa haya ni mambo madogo ya daftarini. Lakini sehemu kubwa ya masomo ya sekondari kwetu husomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Anayeandika ripoti ya jaribio la maabara huandika yaliyofanyika na yakaisha. Anayeulizwa kwa Kiingereza nini kilitokea Unguja mwaka 1890 hutakiwa aseme kuwa nchi iliingia chini ya himaya ya Waingereza, na umbo la kulisemea hilo ni moja tu. Mtoto anaweza kulijua jambo lote na akaonekana hajui kitu, kwa sababu ya silabi moja aliyofunzwa visivyo.

Hiyo ndiyo khasara ya anayekwenda kwenye Kiingereza. Khasara ya anayerudi kutoka huko na kitabu mkononi naiona kuwa ni kubwa zaidi, kwani yeye huwarudishia watu lugha yao ikiwa imepungua. Nakusudia -ka-.

Mtambaji wa hadithi akisema 'Paukwa!', hadhira hujibu 'Pakawa!'. Tazama kilichomo ndani ya jibu hilo. Kabla hata hadithi haijaanza, wasikilizaji wameshataja -ka-, kana kwamba wanamkumbusha mtambaji chombo atakachosafiria. Kiambishi hiki hakina wakati wake chenyewe. Huuazima kutoka katika kitenzi kilichotangulia, kikaubeba mbele, na ndani yake mna 'na' na mna 'kisha' bila ya kuzitaja. 'Alikwenda sokoni, akanunua samaki, akarudi, akapika, akala': wakati umetajwa mara moja, na yaliyobaki yameshikana mikono. Hata 'alikula' inapoingia katika mnyororo huu huivua -ku- yake ikawa 'akala', ili mwendo usikatike.

Kiingereza hakina kiambishi kama hiki. Kinachofanya kazi ya -ka- kwa Kiingereza ni wakati uliopita sahili wenyewe, ukirudiwa kitenzi baada ya kitenzi. Steere alilijua hilo kwa vitendo. Kitabu chake cha hadithi za Unguja, Swahili Tales, ambacho nacho kilitoka mwaka 1870, kimepangwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mtu akiisoma humo hadithi ya Sultani Darai, jicho moja huku na jicho moja kule, ataziona -ka- zikifuatana upande wa Kiswahili, na upande wa pili ataviona vitenzi vya wakati uliopita sahili vikizijibu moja moja. Kwa rai yangu kurasa hizo ni darasa zuri la wakati huu wa Kiingereza kwa mtoto wa Kiswahili kuliko mazoezi mengi ya kujaza nafasi, kwa sababu humwonyesha umbo likifanya kazi yake ndani ya hadithi.

Ili msomaji aone kinachotokea kwenye tarjuma, nimetunga maneno machache ya Kiingereza kwa ajili ya makala haya tu. 'The old man stood at the door. He knew the boy. He sold coffee at the harbour, and every evening the boy carried his cups. That night the boy did not come. The old man waited, shut the door and went to bed.' Vitenzi vinane, vyote vya wakati uliopita sahili. Anayeamini kuwa wakati huo ni -li- atafasiri hivi:

'Mzee alisimama mlangoni. Alimjua yule mvulana. Aliuza kahawa bandarini, na kila jioni mvulana alibeba vikombe vyake. Usiku ule mvulana hakuja. Mzee alisubiri, alifunga mlango na alikwenda kulala.'

Mtahini hatapata hapa pa kupiga mstari. Msomaji lakini amekwisha kupotezwa mara kadhaa. 'Alisimama': kwani alikuwa amekaa, akainuka? 'Alimjua': lini, ndio kwanza amtambue? 'Aliuza kahawa': aliuza siku moja akaacha? Na vitenzi vitatu vya mwisho vimetawanyika kama shanga zilizokatika uzi. Sasa tujaribu kwa njia nyengine:

'Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa akimjua yule mvulana. Kazi yake ilikuwa kuuza kahawa bandarini, na kila jioni mvulana ndiye aliyekuwa akimchukulia vikombe. Usiku ule mvulana hakuja. Mzee akangoja, akafunga mlango, akenda zake kulala.'

Hesabu ni hii. Kitenzi kimoja kimekwenda kwenye -me- ya hali, viwili kwenye -ki- ya mazoea na mwendelezo, kimoja kimegeuzwa kuwa jina la kitenzi, kimoja ni -ku- ya ukanushi, na vitatu ni -ka-. Ile -li- iliyodaiwa kuwa ndiyo sawa yake haikusimama peke yake hata mara moja; kila ilipotokea ilikuja imepandishwa juu ya 'kuwa'. Kiingereza kimetumia umbo moja kwa hali, kwa mazoea na kwa tukio, kikamwachia msomaji wake atenganishe kwa akili. Kiswahili humtengea msomaji. Mfasiri asiyeijua tofauti hiyo huuleta ufukara wa upande mmoja akauweka juu ya utajiri wa upande wa pili, na akadhani kwamba amekuwa mwaminifu.

Sisemi -li- ifukuzwe. Ina kazi zake: kuifungua hadithi, kuutia nanga wakati, kurudi kwenye njia baada ya kuchepuka, na kuukata mnyororo wa -ka- pale mwandishi anapotaka msomaji asite. Wako pia watakaosema kwamba lugha hubadilika, na kwamba waandishi vijana wanaorundika 'ali-' juu ya 'ali-' wana mtindo wao mpya, wa sentensi fupi na pumzi fupi. Mtindo nauheshimu. Lakini mtindo ni uchaguzi, na achaguaye ni yule aliye na viwili mkononi. Ninayemlalamikia ni kijana aliyehadithiwa na bibi yake kwa -ka- mpaka akalala, kisha akaingia skuli, akafunzwa kuwa past ni -li-, na siku anapoandika hadithi yake ya kwanza kwa Kiswahili huiandika kana kwamba anaifasiri kutoka kwa Kiingereza ambacho hakipo.

Kuna mlango mmoja zaidi ambao hasara huingilia, nao unamgusa hata asiyesoma riwaya. Katika taarifa ya maneno ya mtu, Kiingereza hukirudisha nyuma kitenzi cha ndani ili kiendane na cha nje. 'She said she was ill' husemwa hata kama ugonjwa upo saa ile ile anayosema. Kiswahili hakifanyi hivyo. Sisi husema 'alisema anaumwa', na wakati wa ndani hubaki kama ulivyotoka kinywani mwa msemaji. Mwanafunzi anayeandika 'she said she is ill' ametumia sarufi ya kwao, na aelezwe hivyo kabla ya kukosolewa. Kwa upande wa pili, anayefasiri habari hukutana na 'the minister said the government had a plan to dig wells', naye huandika 'Waziri alisema serikali ilikuwa na mpango wa kuchimba visima'. Kwa sikio la Kiswahili, mpango huo umekwisha kufa. 'Ilikuwa na mpango' maana yake sasa haina. Mwananchi anayengoja maji katika kijiji chake ameambiwa kinyume cha kilichosemwa, na aliyemwambia hakukusudia uongo. Amekifuata kitenzi cha ndani kwa kuamini kuwa kila umbo la wakati uliopita lazima livae -li-. Ilitosha kuandika 'Waziri amesema serikali ina mpango'. Katika uandishi wa habari hili ni jambo la kuchunga sana, kwani ukweli wenyewe ndio unaoharibika, si urembo wa lugha peke yake.

Nimeona ni vyema kuyasema haya sasa kwa sababu mizigo ya mfasiri wa Kiswahili imeongezeka thamani. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka 2022 riwaya yake ya Paradise, iliyotoka mwaka 1994, ikatufikia kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tarjuma ya Ida Hadjivayanis. Tarjuma hiyo inastahili makala yake peke yake. Hapa natosheka na kusema kuwa hali ya vitabu vya namna hii ni ya pekee. Mwandishi ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza amekaa akasimulia habari za pwani kwa wakati uliopita wa Kiingereza. Watu wake, bandari zake na misafara yake vimevikwa -ed. Anayevirejesha nyumbani hana budi kujiuliza, kwa kila kitenzi, laiti kisa hiki kingesimuliwa barazani kingechukua kiambishi gani. Swali hilo halijibiki kwa jedwali la safu tatu.

Ninayoyapendekeza si makubwa. Kwa walimu wa Kiingereza, ningeomba wakati uliopita sahili ufundishwe kuanzia kwenye ukanushi, ambako lugha mbili hizi zinakaribiana, kisha ndipo uende kwenye kukubali, ambako zinatengana. Na uingizwe darasani kwa kisa kizima ambacho mtoto anakijua kwa Kiswahili, akitake kwa Kiingereza, aone kila -ka- ikigeuka kuwa nini. Kwa walimu wa Kiswahili, ningeomba -ka- ipewe somo lake na insha zake, isiachwe kuwa ni jambo la hadithi za watoto. Kwa wafasiri na wahariri, ombi langu ni kwamba kabla ya ukurasa kwenda kwa mchapaji usomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja asiyekiona Kiingereza chake. Akiuliza 'kwani huyu mzee alikuwa amekaa?', kitenzi hicho kirudishwe mezani.